Namba ya Siri Tuliyoijua Wote

Vijana wa parokia, mmeniomba niandike kuhusu kazi yangu, na najua mlichokuwa mnakitaka. Mlitaka bunduki. Nimesimama mlangoni mwa benki miaka ishirini na mbili, mingi Kasulu na mitatu Kibondo, na bunduki niliyopewa haikuwahi kulia hata mara moja. Siku moja tu iliniponyoka ikaniangukia mguuni, nikalala na kidole kimevimba. Vita vyangu ndivyo hivyo, havina zaidi. Lakini niliona watu wakiibiwa mchana kweupe, hatua mbili kutoka pale niliposimama, na mwizi akinisalimia kwa adabu. Na aliyemrahisishia kazi nilikuwa mimi. Ninaandika kwa sababu hiyo.

Kwanza mjue kwamba sikuwahi kufanya kazi ndani ya benki. Niliajiriwa na kampuni ya ulinzi. Wa ndani wanavaa tai, sisi wa nje tunavaa buti, na siku ya mshahara mtu hawezi kutuchanganya. Ila mlangoni hapakosi elimu. Mtu akiingia anacheka akatoka analia, wa kwanza kumwona ni askari, na mara nyingi wa kwanza kuambiwa kisa chake ni huyohuyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bukuru, Muha wa Muyama, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Nilipoanza alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Benki ilipoweka mashine ya kutolea pesa ukutani, wote tulifurahi kama tumeletewa televisheni, isipokuwa yeye. Siku ya kwanza alinishika mabega akanigeuza, uso kwenye barabara na mgongo kwenye mashine.

"Mtu akibonyeza, wewe unatazama baiskeli zinazopita," aliniambia. "Ukishajua namba ya mtu, siku pesa yake ikipotea wa kwanza kutajwa ni wewe."

Nilimwitikia, naam mzee, lakini moyoni nilimcheka. Nilidhani ni woga wa uzee. Watu walikuwa wanahitaji msaada, ninyi hamwezi kujua. Mama mmoja Mkongo wa Nyarugusu, msusi aliyekuwa akilipwa kupitia kikundi chao, alibonyeza namba vibaya mara tatu, mashine ikaimeza kadi. Alikuja mbio akanivuta mkanda. "Papa, mashini imemela karte yangu," alisema, "iko na macho, inaniangalia tu. Piga ile kitu risasi." Nilimwambia risasi za kampuni zinahesabiwa. Tangu hapo hakukaribia mashine ile bila mimi kusimama kando yake, na si yeye peke yake. Mzee Bukuru alipostaafu, hakuwepo tena wa kunishika mabega.

Sasa niwaeleze kosa langu la kwanza, ambalo nadhani ni watu wa asili yetu tu wangeweza kulifanya.

Mnajua wengi wetu tuliotoka Burundi hatuna siku ya kuzaliwa ya kuaminika. Tulipoandikishwa, karani alimtazama mtu usoni, akakadiria mwaka, kisha tarehe akaandika mosi Januari. Katika ukoo wetu tumezaliwa watu tisa siku moja, mimi na babu yangu tukiwemo, na mbuzi ndiye pekee aliyeachwa. Mtu akiulizwa mwaka wake wa kuzaliwa anafikiri kwanza, halafu anauliza, wa kwenye kitambulisho au wa mama? Lakini mwaka tuliovuka mto kukimbilia huku hakuna aliyeukadiria. Ukimwamsha mzee usingizini ukamuuliza, atakujibu kabla hajafumbua macho.

Basi kadi zilipoanza kutolewa, mzee mmoja alitoka ndani akiwa na kadi yake mpya, ameambiwa achague tarakimu nne za siri. Akaniuliza aweke nini. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye akili, aweke mwaka ambao hawezi kuusahau.

Uso wake ulifunguka. "Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kirundi, "sabini na mbili."

Akaenda akabonyeza moja, tisa, saba, mbili. Mashine ikakubali. Nilijiona mwalimu! Wiki iliyofuata nikamwambia mwingine vilevile, na yule akamwambia jirani, na baada ya ibada wanawake wakaambizana kwenye kivuli cha kanisa. Hakuna aliyesahau namba yake tena. Foleni ilienda haraka, meneja akanisifu mbele ya wenzangu kwamba wateja wa Melkiori hawasumbui. Mimi nikafurahi, na yangu pia nikaiweka hiyohiyo. Siri ikawa ya kijiji kizima na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kwetu mwaka ule haukuwahi kuwa siri. Ulikuwa umri wetu.

Nilipohamishiwa Kibondo, wakati kambi ya Mtendeli bado ina watu, niligundua kitu kilichopaswa kunitisha. Mtu akikwama kwenye mashine nilikuwa namuuliza tu kwa utani, "Ninyi mlivuka lini?" Akinijibu tisini na tatu, nabonyeza moja tisa tisa tatu, na mashine inafunguka. Nilifanya hivyo mara nyingi, nikicheka na wao wakicheka. Leo nikiwaza naona aibu mpaka kwenye masikio. Nilikuwa nimeshika funguo za nyumba mia, nikazichezea.

Huko Kibondo ndiko nilikokutana na Mwalimu Yeremia, mstaafu, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Yeye hakuwa na shida ya namba. Shida yake ilikuwa mapenzi. Kila asubuhi akienda kununua maandazi alipita kwenye mashine kuiangalia pensheni yake. Hatoi kitu. Anabonyeza salio, anachukua karatasi, anaisoma, anaikunja, anaiweka kwenye mfuko wa shati. Aliniambia mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nikamwona mtu makini kuliko wote wa Kibondo.

Baada ya miezi kadhaa alikuja amebadilika rangi. Salio limepungua, na hajatoa hata shilingi. Alinitazama kwa jicho la mwalimu anayejua nani amekula chaki. Nikajua ananishuku mimi, na nilishtuka mno, maana katika watu wote yule nilikuwa simjui namba. Tukaingia ndani pamoja, nikiwa na bunduki yangu na yeye na furushi la karatasi zake limefungwa kwa mpira. Dada wa dawatini alizipanga akamwonyesha polepole. Kila alipochungulia salio alikatwa. Kila karatasi alikatwa. Na kuna makato ya mwezi ya kuendesha akaunti, hayo ni juu.

"Kwa hiyo nimelipia kuitazama pesa yangu mwenyewe?" aliuliza Mwalimu. Dada akasema ndiyo, kwa upole. Mwalimu alikwenda kukaa kwenye ngazi za mlango wangu, akakaa hapo mpaka maandazi yakaisha mjini.

Siku ile nilishangaa kama yeye. Nimesimama kwenye ule mlango miaka na sikujua kwamba kuchungulia kunalipiwa. Nikaanza kuuliza. Nilijifunza kwamba benki zina karatasi ya tozo zake, na mteja ana haki ya kuiomba na kusomewa. Nilijifunza kwamba kutoa elfu kumi mara tano kunakugharimu kuliko kutoa hamsini mara moja, na kwamba mashine ya benki nyingine inakuuma zaidi kuliko ya kwako. Akaunti usiyoigusa nayo hailali bure, makato yanaitafuna kidogokidogo mpaka inabaki jina. Ulizeni kwenye benki zenu, kila moja ina bei zake. Mambo haya ni ya kweli na nayasimamia hadi leo.

Tatizo ni kwamba nilipoyajua nikawa mhubiri. Nyani haoni kundule. Nilirudi Kasulu nikiwa adui wa makato, nikimhubiria kila aliyekaa kwenye foleni, na wa kwanza kumhubiria alikuwa shangazi yangu Leokadia.

Shangazi Leokadia ndiye aliyenishika mkono siku tunavuka. Nilikuwa na miaka minane, au karani alisema minane. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni, na maji yalikuwa yananifika kifuani. Sitaeleza mengi hapo. Nasema tu kwamba mkono wake hakuuachia. Alikaa Kagerankanda maisha yake yote ya huku, akilima maharage na mihogo kwenye mashamba ya kukodi. Alikuwa amepata uraia, ana kitambulisho, ana kadi ya kupigia kura, lakini hakuwahi kuwa na ardhi yenye jina lake. Mwenye shamba akitaka shamba lake, Shangazi anahama na majembe. Mumewe alizikwa kwenye shamba la mtu, na kila mwaka alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda kupalilia kaburi.

Akaweka nia anunue kiwanja pembeni mwa mji wa Kasulu, ajenge vyumba vinne, hati isomeke Leokadia. Muuzaji alikuwa mtu mwema, alimpa muda mpaka baada ya mavuno. Bei milioni mbili. Kila msimu akiuza maharage aliweka benki kupitia kwa wakala wa kijijini, na hatoi. Alikuwa hatoi hata kwa ugonjwa. Nilimjua mwanamke yule akitembea na jino bovu miezi miwili kwa sababu ya kiwanja.

Siku moja alikuja mlangoni kwangu analalamika. Kila anapoweka pesa simu inalia, meseji ya benki, na mjukuu wake amemsomea kwamba meseji yenyewe inalipiwa. Mimi damu ikachemka. Nikamwambia, "Shangazi, hutoi pesa, sasa meseji ya nini? Wanakula maharage yako bure." Nikaingia naye ndani mwenyewe. Dada wa dawatini alijaribu kusema kwamba ule ujumbe una faida, nikamkatiza, mimi, askari wa mlangoni. Shangazi akaweka dole gumba kwenye fomu na meseji zikakatwa. Alinishukuru kwa mikono miwili. Nilihesabu baadaye nilichomwokolea kwa mwaka, kinatosha sukari ya wiki mbili.

Hilo ndilo kosa langu la pili. La kwanza lilikuwa funguo, la pili nilimfunga mbwa mdomo.

Wakala wa Kagerankanda aliitwa Selina. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mchangamfu, mwimbaji wa kwaya, ana kibanda chenye mwavuli na sanduku la chuma lenye kufuli kubwa. Sanduku lile ndilo lililomfanya aaminike. Watu waliowahi kukimbia wanajua karatasi hupotea: hulowa, huungua, huachwa kwenye nyumba usiyoirudia. Kwa hiyo kwetu karatasi ya maana haikai kwenye nyumba ya nyasi, inapelekwa kwa mtu mwenye sanduku. Zamani ilikuwa kwa katekista. Kadi za benki zilipokuja, wazee, Shangazi akiwemo, wakazipeleka kwa Selina, naye akazipokea na kuandika majina kwenye daftari. Akiwa na safari ya Kasulu, anayetaka kutolewa pesa anamwambia, anamtolea, anamletea. Aliwaokolea nauli na mimi nilimsifu sana.

Alipofika kwenye mashine na kadi zake nne au tano nilimpitisha mbele ya foleni. Watu wakinung'unika niliwaambia huyu amebeba wazee. Na mara nyingi aliniomba nimbonyezee. Ana mtoto mgongoni, ana kikapu, mkono mmoja umeshika mwavuli. "Kaka Melki, nisaidie, yote ni ile ile." Mimi nabonyeza ile ile, natoa noti, namkabidhi, namfungulia njia. Jina juu ya kadi sikuwahi kulisoma. Ingekuwa adabu gani kusoma kadi za watu?

Mavuno yakaja. Shangazi aliuza magunia yake ya maharage, akaja Kasulu na kitenge kipya, muuzaji wa kiwanja yuko hotelini anakunywa chai na mwenyekiti wa mtaa anasubiri kuandika karatasi. Kwa hesabu yake alikuwa na milioni moja na laki nane, na fedha ya magunia mfukoni inatimiza. Nilibadilishana zamu nimsindikize. Tulikaa dirishani, dada akaangalia kompyuta, akaangalia tena. Akaandika kwenye kikaratasi akanisogezea mimi, si Shangazi. Laki moja na elfu kumi na mbili.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani amekosea nukta. Shangazi akauliza, imetosha? Na mimi mwenye mdomo wa kuhubiria watu wote nikakifunika kile kikaratasi kwa kiganja.

Tuliomba taarifa ya akaunti, karatasi ndefu, na hiyo tulilipia bila kulalamika. Ikatuonyesha miezi tisa ya kutolewa pesa: laki, laki na nusu, elfu themanini, tena laki. Kila mara kwenye mashine. Kila mara hapa Kasulu. Mashine ni ile ya kwangu, na tarehe nyingine nilizikumbuka, zilikuwa zamu zangu. Nilikuwepo. Nimesimama hapo na bunduki.

Meneja alitupokea vizuri, lakini jibu lake lilikuwa moja. Kadi ilikuwa sahihi na namba ilikuwa sahihi, mashine haina namna ya kujua mkono ni wa nani. Akamuuliza Shangazi kama kuna mtu anayeijua namba yake ya siri. Shangazi akafikiri kwa uaminifu wote, akasema ni watu wa kwao tu.

Tulikwenda polisi tukaandikisha, na polisi wakaomba picha za kamera ya mashine. Hiyo kamera niliijua, nilikuwa naifuta vumbi. Baada ya siku kadhaa tukaitwa. Tulikuwa watu wanne kwenye ofisi ya meneja: yeye, askari wa upelelezi, mimi na Shangazi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mwizi. Nilikuwa nimemchora tayari kichwani, kijana wa mjini, kofia imeshuka usoni.

Meneja akageuza kompyuta. Ikaonekana Selina, mtoto mgongoni, kikapu mkononi, anacheka. Nikasema, huyo si mwizi, huyo ni Selina. Nadhani nilisema kwa hasira. Halafu kwenye picha mtu aliyevaa sare akasogea mbele yake, akachukua kadi, akaitumbukiza, akabonyeza namba bila kumuuliza, akahesabu noti, akampa kwa mikono miwili.

Askari wa upelelezi alikuwa ananitazama. Shangazi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, aliinuka akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huo mgongo ni wako, Melki," alisema.

Sikuwahi kupigwa risasi, lakini nadhani inafanana. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetambua nguo yake kwenye kamba ya jirani. Nilijaribu kueleza na maneno yakatoka ya Kirundi, yakatoka ya Kiswahili, hayakukutana. Meneja akasogeza picha mbele, mwezi mwingine, tena mgongo wangu. Mwezi mwingine tena. Baadaye nilielewa kwa nini Selina alibeba mwavuli hata siku zisizo na jua. Mkono wake haukutaka kuonekana ukibonyeza.

Na kama mnajiuliza kwa nini hakutolea kwenye kibanda chake mwenyewe, ni kwa sababu mashine ya wakala inaandika jina la wakala. Alikuwa na akili. Namba hakuhitaji kuibiwa na mtu. Alikuwa mzaliwa wa kijiji kile, aliusikia mwaka ule tangu tumboni.

Sanduku la Selina lilipofunguliwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji zilikutwa kadi kumi na mbili. Akaunti tano zilikuwa zimechotwa, nyingine kidogo, ya Shangazi zaidi ya zote kwa sababu yeye hakuwa anatoa, kwa hiyo hakuwa anaulizia. Wale wengine waliokuwa bado wanapata meseji hawakuguswa hata mmoja. Nirudie hapo, maana mimi niliposikia nilitamani sakafu ipasuke: mwenye meseji hakuguswa. Selina alijua nani simu yake inalia na nani hailii. Sukari ya wiki mbili niliyomwokolea ilikuwa imekula kiwanja kizima.

Selina alikubali bila kupigwa kofi. Alilia, mumewe akalia, wazee wa kanisa wakaja kuomba. Pikipiki ya mumewe iliuzwa na kibanda kikauzwa, wakagawana watu watano, na Shangazi akapata kama nusu ya chake. Kesi iliendelea na Selina akafungwa. Mimi nilihojiwa siku mbili. Kampuni ilinisimamisha mwezi, kisha ikanirudisha, lakini si kwenye mashine. Nilimalizia miezi kumi na nane ya mwisho kwenye geti la magari, nikiinua na kushusha bomba. Sikulalamika. Nilikumbuka maneno ya Mzee Bukuru kila siku, na sikuwa na wa kumwambia kwamba alikuwa sahihi, alishatangulia.

Muuzaji wa kiwanja alisubiri mwezi mmoja zaidi, akasubiri wa pili, halafu akauza kwa mtu mwingine. Simlaumu. Nyumba imeshajengwa hapo, ina vigae vyekundu. Shangazi bado analima shamba la kukodi na bado anaomba ruhusa ya kupalilia kaburi. Ameanza kuweka upya. Ana zaidi ya miaka sabini, na anaweka.

Mimi nilipopata mafao yangu nilitaka kumpa sehemu ya kile kilichopotea. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea kidogo, akasema ni ya mbegu. Na yaleyale mafao yaliponiingia, kesho yake asubuhi nikapigiwa simu. Mwanaume ananisalimia kwa Kirundi, amahoro, ananiita kwa jina langu na la baba yangu, anasema ni wa benki, kuna hitilafu, nimtajie tarakimu nne tu aokoe fedha zangu. Kirundi chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilikata simu. Kama angenipigia miaka ya nyuma, ningemwambia mwaka tuliovuka na kumtakia siku njema. Benki haiwezi kukupigia ikuulize namba yako ya siri, hata akikusalimia kwa lugha ya mama yako. Hasa akikusalimia kwa lugha ya mama yako.

Siku Shangazi alipokwenda kuchukua kadi mpya nilikuwa bado geti la magari, nikaomba ruhusa nimsindikize. Dada wa dawatini alimpeleka kwenye mashine akamwonyesha pa kubonyeza, kisha akaondoka. Mimi nilisimama hatua tano nyuma na kumpa mgongo. Nilitazama baiskeli. Zilipita nyingi, maana alichukua muda mrefu, nikamsikia anabonyeza, anasita, anaanza upya. Mkono uliniwasha wa kwenda kumsaidia. Watu wa foleni walianza kukohoa, na mimi sikugeuka.

Alitoka ameifunga kadi kwenye pindo la kitenge. Hakutaka ikae kwa mtu. Meseji alikuwa amerudisha, na simu ilikuwa imelia hapohapo, akacheka kwa kushtuka. Tulitembea mpaka stendi, na tulipofika nikasema, bila hata kufikiri, kama nilivyosema kwa watu maisha yangu yote, "Shangazi, safari hii umeweka mwaka gani?"

Alisimama. Alinitazama, yule aliyenishika mkono majini, na nilimwona akiwa na huruma na mimi.

"Melki," alisema, "hata wewe sikuambii."

Akapanda gari la Kagerankanda, akakaa dirishani, akaweka mkono juu ya lile pindo la kitenge.